Dawa ya Dharura Shuleni Haifungiwi Kabatini

Nikienda shuleni kukagua dawa za dharura, kwanza nauliza funguo anazo nani. Mara nyingi naambiwa anazo mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko kikaoni. Mimi ni mfamasia, naielewa hofu ya kuacha dawa karibu na watoto. Lakini dawa hizi zikifungiwa, ni sawa na kutokuwa nazo.

Tuanze na mzio mkali. Mtoto amekula karanga au ameumwa na nyuki: midomo inavimba, sauti inakwaruza, anakohoa mfululizo, kisha analegea. Hapo ni adrenalini, tena papo hapo. Hubana mishipa ya damu ili presha ipande, hupunguza uvimbe wa koo na kufungua njia za hewa. Vidonge vya mzio hutuliza mwasho na vipele tu. Anayeanza navyo huku akisubiri anapoteza dakika ambazo mtoto hana. Sindano ya kujichoma huja na dozi iliyokwisha kupimwa, kwa kawaida mikrogramu 150 kwa mtoto mdogo na 300 kwa mkubwa. Mchome upande wa nje wa paja, hata juu ya sare. Mlaze, umwinue miguu. Akihema kwa shida mkalishe, miguu ikiwa imenyooka. Jamani, asitembezwe hadi ofisini! Akisimama, presha inaweza kuporomoka ghafla. Iteni gari la wagonjwa, na asipopata nafuu baada ya dakika 5 apewe sindano ya pili. Ndiyo maana nadai ziwe mbili.

Kwa pumu, inhela ya salbutamoli, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, iwe na chemba yake ya plastiki, maana mtoto anayehangaika kupumua hawezi kuvuta dawa sawasawa bila hiyo. Mwenye kisukari akizimia kwa sukari kushuka asinyweshwe chochote. Apewe glukagoni, dawa inayopandisha sukari ya damu, na aliyefundishwa kuitumia.

Uingereza iliziruhusu shule kuweka inhela za akiba mwaka 2014, na sindano za adrenalini mwaka 2017. Ni uamuzi ninaoutetea kila mahali, kwa sababu mzio wa kwanza unaweza kumpata mtoto ambaye hana dawa yake begini.

Sindano za adrenalini zisiwekwe kwenye jokofu wala dirishani penye jua. Nyingi zina kidirisha cha kuonea dawa: ikiwa ya kahawia au ina chembe, agizeni nyingine leo hii.