Bodi ya saketi iliyochapwa: kinachochapwa si waya

Kijana anayejifunza ufundi kwangu hapa Langoni, Lamu, alifungua redio mbovu, akaitazama bodi yake ya kijani kwa muda, kisha akaniuliza: "Mjomba, ni mashine gani inayochapa hizi waya?" Swali ni zuri, na kosa lililomo si lake, ni la jina. Tunasema "bodi ya saketi iliyochapwa", na mtu akisikia kuchapwa hudhani shaba imepakwa juu ya bodi kama wino juu ya karatasi. Sivyo. Bodi huanza ikiwa imefunikwa shaba uso mzima. Kinachochapwa ni mchoro wa kuikinga ile shaba tunayotaka ibaki. Isiyokingwa huliwa na dawa. Waya basi ni masalio.

Nilimpeleka mlangoni kwa jirani akaone. Fundi wa nakshi habandiki maua juu ya mbao. Huchora kwanza, kisha hupita na patasi akiondoa mbao iliyo nje ya mstari, na ua likabaki limeinuka. Bodi nayo ni nakshi, ila kina chake ni kidogo mno: shaba ya bodi ya kawaida ina unene wa mikroni 35 hivi, pungufu ya unywele mmoja. Chini yake kuna ubao wa nyuzi za kioo na gundi ngumu, wa milimita 1.6, usiopitisha umeme.

Zamani redio ziliunganishwa waya mojamoja kwa mkono. Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia Uingereza, alitengeneza redio yenye bodi ya namna hii mnamo 1936, na mwaka 1943 akaomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Mbinu ya kula chuma kwa dawa wachapaji walikuwa nayo tayari, na ndiyo maana neno "kuchapa" limeng'ang'ania hadi leo.

Ukishaelewa kwamba kazi nzima ni kukinga na kuondoa, kutengeneza bodi nyumbani hakukutishi tena. Mchoro mdogo unaweza kuuchora kwa kalamu ya wino usiofutika moja kwa moja juu ya shaba. Ukitaka mistari myembamba, uchape kwa printa ya leza juu ya karatasi laini ya gazeti la picha. Printa ya wino wa maji haifai, kwa sababu tunachohitaji ni tona, na tona ni unga wa plastiki. Isugue shaba kwa msasa laini mpaka ing'ae, uifute mafuta ya vidole, ulaze karatasi kifudifudi, kisha ukandamize kwa pasi ya moto isiyo na mvuke kwa dakika chache. Plastiki huyeyuka na kung'ang'ania shaba. Loweka bodi majini, karatasi ilainike, uivue polepole kwa kidole gumba.

Hapa ndipo wengi huharibu, nami niliwahi kuharibu bodi nzima. Mchoro unapohamia kwenye shaba hupinduka, kama muhuri. Ikiwa umeuchora jinsi utakavyoonekana ukitazama upande wa shaba, uchape kinyume. Ikiwa umeuchora kana kwamba unatazama kutoka upande wa vifaa na shaba iko chini, uache ulivyo. Mimi nilipindua mara mbili. Chipu yangu ya 555, ile ya kupima muda, yenye miguu minane ikaingia vizuri kwenye matundu, maana umbali wa mguu hadi mguu ni ule ule, milimita 2.54, lakini kila mguu ulikuwa mahali pa mwenzake wa ng'ambo. Tangu siku hiyo huweka herufi moja pembeni ya mchoro. Ikisomeka sawasawa upande wa shaba, ndipo naendelea.

Dawa inayotumika sana ni kloridi ya chuma, maji ya kahawia yaliyokolea. Chuma kilichomo hunyang'anya shaba elektroni, na shaba ikayeyuka. Tumia bakuli la plastiki, kamwe si sufuria, kwa kuwa alumini humenyuka na dawa hiyo kwa joto kali. Vaa glavu na miwani, ukae penye hewa. Ukiliweka bakuli ndani ya maji ya moto kiasi na kulitikisa taratibu, kazi huenda haraka. Usiisahau bodi humo: dawa hula pia kutoka ubavuni, chini ya kingo za tona, na mstari mwembamba hukatika. Shaba isiyokingwa ikishaisha, toa, suuza, futa tona, utoboe matundu kwa keekee ndogo ya umeme, milimita 0.8 au 1.

Dawa iliyochoka usiimwage kwenye mfereji. Mifereji yetu yote inaishia baharini, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa viumbe vya majini. Mimi hutia magadi kidogo kidogo mpaka povu likome, shaba ikajitenga kuwa tope. Tope hilo nalichanganya na saruji likagandamana.

Na kwetu kuna jambo ambalo maelekezo ya wa bara huwa hayalitaji: hewa ya chumvi. Shaba tupu hapa pwani huota kutu ya kijani mapema, na mstari wa nusu milimita hauna akiba ya kuliwa. Bodi ya taa ya mashua naipaka lehemu nyembamba juu ya kila njia ya shaba, naosha mabaki ya ulehemuji, kisha naifunika kwa vanishi angavu. Vanishi ije mwisho, vifaa vyote vikiwa vimekwisha kushikwa, kwa sababu lehemu haishiki juu yake.