Kursk haikuzamishwa na torpedo ya Marekani

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: picha ya tundu la duara ubavuni mwa nyambizi ya Urusi, Kursk, na maneno kwamba torpedo (kombora linalosafiri chini ya maji) ya Marekani iliipiga tarehe 12 Agosti 2000. Si kweli, na kwa heshima ya mabaharia 118 waliofia humo, tafadhali tuache kuusambaza.

Torpedo nzito haitoboi kama risasi. Hulipuka, na mlipuko huchana na kukunja chuma, hauachi tundu la duara kama lile la pichani.

Iliyolipuka ilikuwa torpedo ya Kursk yenyewe, aina ya 65-76, yenye kipenyo cha milimita 650 na uzito wa zaidi ya tani 4. Ilitumia peroksidi ya haidrojeni. Mnaijua: ndiyo dawa ile ya dukani inayotoa povu kwenye kidonda. Ya torpedo ni kali mara nyingi zaidi. Ikivuja na kugusa shaba au kutu, hugeuka ghafla kuwa mvuke na oksijeni. Nyambizi ya Uingereza, Sidon, ilipatwa na balaa la namna hiyohiyo mwaka 1955.

Anayetaka kuhakiki aangalie rekodi za mitambo ya mitetemeko ya ardhi nchini Norwei. Zinaonyesha mshindo mdogo, kisha, baada ya sekunde 135 hivi, mwingine mkubwa mno: torpedo nyingine zikilipuka kwa moto.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Maelezo ya mwanzo yalibadilika-badilika, wakubwa wa Urusi wakitaja hata kugongana na nyambizi ya kigeni, na nyambizi za Marekani kweli zilikuwa zikifuatilia mazoezi ya kijeshi ambayo Kursk ilikuwa ikishiriki.