Goti Linauma, Usikae: Majibu kwa Walatino Wenye Ugonjwa wa Viungo

Nafanya fiziotherapia Marekani, katika kliniki ambayo wagonjwa wengi ni Walatino: watu wazima kutoka Meksiko, Guatemala na Honduras, waliomaliza nguvu zao mashambani, kwenye ujenzi na kusafisha vyumba vya hoteli. Maswali yao yanafanana, na kosa ninalolikuta ni lile lile.

Ugonjwa huu ni nini hasa?

Wao huuita reuma. Aina inayoonekana zaidi ni kusagika: gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, linalika, kisha kiungo kinauma na kukakamaa. Magoti, nyonga na vidole ndivyo huumia sana.

Goti likiuma, si bora nilipumzishe mpaka lipone?

Hapana. Hilo ndilo kosa lenyewe. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa kiungo, nao huingia na kutoka unapokanyaga na kuachia, kama sifongo inayokamuliwa. Ukikaa, gegedu linakosa chakula, misuli ya paja inayolishika goti inanywea, na uzito unapanda. Watu huniletea magoti baada ya mwaka mzima wa kiti na televisheni, na sasa hata kuinuka chooni ni kazi. Si uzee uliowafikisha pale. Ni kukaa.

Kutembea hakulisagi zaidi?

Hakulisagi. Narudia kwa sababu swali hili linarudi kila siku: kutembea kwa kiasi hakuli goti, kunalilinda. Na ukipungua kilo 1 tu, goti linapunguziwa mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua.

Kazini nasimama saa nyingi. Haitoshi?

Haitoshi. Kusimama mahali pamoja na kuinua mizigo kunachosha kiungo bila kukijenga. Tembea kwa ajili yako, hata dakika 10.

Nianzeje?

Arthritis Foundation, shirika la Marekani la wagonjwa wa viungo, lina programu ya kutembea ya wiki 6, Walk With Ease, na toleo lake la Kihispania huitwa Camine Con Gusto, yaani tembea kwa furaha. Anza polepole kwa dakika chache mwili upate joto, nyosha misuli, tembea, kisha punguza mwendo na unyoshe tena. Mwendo ufaao ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ongeza kidogo kidogo mpaka ufike dakika 150 kwa wiki. Saa 2 baada ya kutembea, maumivu yakiwa makali kuliko kabla ya kuanza, punguza safari ijayo. Punguza, usiache! Jua likiwa kali, tembea alfajiri au ndani ya jengo la maduka. Mwenye kisukari akague nyayo kila arudipo.

Nimeona wanaodumu ni wale wanaotembea na mtu: dada, jirani, au promotora, mhudumu wa afya wa mtaani anayezungumza lugha yao. Anayeanza peke yake mara nyingi huishia njiani.

Kuna vidonge vya mitishamba dukani, vinatuliza siku hiyo hiyo. Nitumie?

Tafadhali, usivinunue. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King na Artri Ajo King: maabara ilikuta ndani yake dawa ambazo hazikuandikwa kwenye lebo, zikiwemo diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, steroidi ya kupunguza uvimbe. Ndiyo maana zinatuliza haraka, na ndiyo maana zinaweza kuumiza ini, tumbo na figo. Kama umeshazitumia, usiziache ghafla. Beba kopo umwone daktari leo, akupangie namna ya kuziacha.

Lini nisitembee?

Kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, nawe una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maambukizi huharibu kiungo ndani ya siku chache. Usikande, usipake marhamu, usingoje siku ya mapumziko. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba kwa wiki kadhaa na kukakamaa zaidi ya saa moja kila asubuhi, hapo si kusagika kwa kawaida. Daktari anahitajika mapema. Na usikae nyumbani kwa sababu huna bima: tangu 1986 sheria ya Marekani inazitaka hospitali zenye idara ya dharura zimpime kila anayefika na kumtuliza hali yake akiwa hatarini, awe na hela au asiwe nazo.