Mtoto anabaki na nani?

Kila Januari hunijia mabinti waliojifungua, wanataka kurudi darasani. Mimi ni mwalimu wa unasihi, na mara nyingi anayeanza kusema ni mama wa binti: "Mwalimu, watampokea kweli?"

Watampokea. Ile kauli ya Rais Magufuli ya Juni 2017, kwamba mwenye mimba harudi shule ya serikali hapa Tanzania Bara, ilifika mwisho Novemba 2021, serikali ilipotangaza ruhusa na kutoa waraka. (Zanzibar walikuwa wametutangulia.) Mkuu wa shule akikuzungusha, mwombe akuandikie sababu. Kwa ninavyowajua, kalamu huwa nzito.

Ila mimi sianzi na makaratasi. Nauliza: saa kumi na mbili asubuhi mtoto anabaki na nani? Hapo mama hutazama chini. Ana genge lake la nyanya. Shangazi kasema "tutaona", na "tutaona" haijawahi kumbembeleza mtoto.

Halafu maziwa. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa 2016. Wanaonipotea siku hizi wengi huondolewa na matiti. Binti mwenye mtoto wa miezi minne akikaa asubuhi nzima bila kunyonyesha, matiti hujaa, huuma, na sare hulowa mbele ya wavulana. Kesho yake "anaumwa tumbo". Wiki inayofuata hayupo. Kwa hiyo namwombea chumba chenye komeo, dakika ishirini za kukamua wakati wa mapumziko. Nyumbani bibi namfundisha kumnywesha mtoto kwa kikombe kisafi, si chupa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kama saa nne bila friji. Kwa joto la Dar, usingoje zifike. Mama aliyeajiriwa sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwanafunzi wangu anategemea huruma ya mwalimu wa zamu.

Asiyeweza shule ya kawaida namwelekeza Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, anakosoma kidato cha kwanza hadi cha nne kwa miaka miwili, au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi chenye Elimu Haina Mwisho, programu ya mabinti waliokatisha masomo. Huko vyuo vingi vina sehemu ya kulelea watoto. Wazazi huona kama binti yao kashushwa daraja. Mimi naona mama anayeandika insha huku mwanawe yuko ukuta wa pili.

Mama wa mwezi uliopita aliondoka bila kujaza fomu. Ijumaa akarudi.

"Mwalimu, asubuhi nabaki naye mimi. Genge nitafungua saa nane."

Nikamsogezea kalamu.