Harusi Katika Mbuga ya Nairobi: Anzeni na Saa ya Lango

Wachumba wanaotaka kufunga ndoa katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi huanza kuniuliza habari za mapambo. Mimi huwarudisha kwenye saa. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na kufikia hapo kila gari liwe limetoka, la maharusi na la wapishi. Basi hesabuni mkirudi nyuma: mahema yaanze kukunjwa saa tisa, chakula kiliwe saa saba, kiapo kiwe saa nne asubuhi kabla jua halijachoma. Keki ya kukatwa jua likizama, kama mlivyozoea kwenye kumbi za mjini, mtaikatia nje ya mbuga.

Lango likishapangiwa, nendeni kwa msajili. Kwa ndoa ya kiserikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka notisi itolewe si chini ya siku 21 wala zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku yenyewe, na hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nawaambia haya hasa wale wanaopenda kuja wawili tu, bila ukoo wala kamati. Zamani tungesema wametoroshana. Ndoa ndogo naiunga mkono kwa moyo wote, maana mbuga huibeba vizuri kuliko umati wa mia tatu. Lakini ya siri haiwezekani: notisi itasomwa, na mashahidi wawili lazima wawepo. Kama mnataka kuapia mbugani na si ofisini, mwulizeni msajili mapema kuhusu kibali cha mahali.

Kwa upande wa mbuga, ombi la eneo hupelekwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kila mgeni pia hulipiwa kiingilio, na malipo hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo asiachwe mtu akihangaika na simu langoni huku bibi harusi anangoja. Droni haziruhusiwi bila kibali.

Wengi huvutiwa na uwanja wa kuchomea pembe. Hapo ndipo Rais Moi alipowasha moto kwenye tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na mwaka 2016 zikateketezwa tani 105. Jivu lingali pale. Ombi langu ni moja: msiligeuze jukwaa la picha za kuruka. Simameni kando yake, mwambieni mtoto aliyeshika maua ni jivu la nini.

Muziki uwe wa chini. Hii ni hifadhi ya vifaru weusi, na kifaru, ambaye macho yake ni hafifu, huishi kwa masikio na pua. Spika kubwa na jenereta humnyima masikio hayo.

Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi mbugani: chupa za maji, sahani, vikombe, mirija. Kodisheni sahani za udongo na jagi. Puto pia ziacheni nyumbani. Asubuhi moja baada ya sherehe nilimkuta ngiri akitafuna utepe wa puto, nusu nje, nusu ndani ya mdomo. Alipotuona alikimbia nao, na hatukuweza kumfikia. Mchele wa kuwarushia maharusi nao huita nyani, na nyani akishaonja chakula cha watu huwa hasahau.

Epukeni Machi hadi Mei. Udongo mweusi wa nyanda zile ukilowa hunata kama ugali mbichi, na gari dogo likizama humo, aliye ndani haruhusiwi kushuka kusukuma.

Kabla ya kumpa mtu yeyote arbuni, njooni siku ya kawaida, saa ileile mnayotaka kuapa. Mje na nyanya, yule mwenye magoti mabovu, mwone atatembeaje kutoka garini hadi kwenye kiti chake.