Ukiikagua Injini Vizuri, Utaijua Yadi Yake

Zikitajwa injini za mvuke za Uingereza, wengi hukimbilia zile za abiria, zenye magurudumu makubwa kumpita mtu na majina ya wafalme. Mimi kazi yangu ni boila, na zinazonivutia ni zile fupi, zenye masizi, zilizotumikia migodi ya makaa ya mawe na bandari. Hakuna aliyezitaka zikimbie wala zipendeze. Zilishonwa kwa kipimo cha mahali pake, hata leo ukiikagua moja kwa makini unaweza kukisia yadi yake ilikuwaje.

Anza na tangi. Injini ya safari ndefu huburuta tenda, yaani behewa la maji na makaa. Yadini tenda ni kero: linaongeza urefu kwenye kona kali na linamziba dereva asione anakorudi, na nusu ya kazi yake ni kurudi nyuma. Kwa hiyo maji yakapandishwa juu, ndani ya tangi lililopindwa likaikalia boila kama tandiko mgongoni mwa punda. Uzito wa maji hayo hukandamiza magurudumu, yakashika reli sawasawa pale msururu wa mabehewa yaliyojaa unapoanza kuondoka. Maji yakipungua, mshiko nao unapungua.

Tangi hilo lina udhia wake. Boila iliyo chini huyapasha maji moto, na injekta haipendi maji ya moto. Injekta ndiyo inayoingiza maji ndani ya boila, nayo haina pistoni wala kitu kinachozunguka. Mvuke unachomoka kwenye tundu jembamba kwa kasi kubwa, unakutana na maji baridi, unageuka maji, na kasi yake inayasukuma yote kuingia kwenye boila ile ile uliyotoka. Ukielezwa mara ya kwanza unaona kama mazingaombwe. Lakini maji yakishakuwa vuguvugu mno hayawezi tena kuugeuza mvuke, injekta inaanza kuyatema chini. Injini iliyosubiri mabehewa kutwa nzima ikiwa na maji kidogo tangini humtia fayamani, yaani mchochea moto, jasho, kwa maana maji ya boila yakishuka chini ya paa la tanuri, chuma kinalainika na kinaweza kupasuka. Fayamani mzoefu hujaza tangi mapema, kabla halijadaiwa.

Magurudumu madogo ni ya nguvu, si ya mbio. Yakiwa manne tu, yamekaribiana, injini hupita kona za gatini ambazo injini ya reli kuu ingeacha njia. Gharama yake ni kwamba ukiikimbiza, pua na mkia vinayumba hadi unashika kitu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kaskazini mashariki mwa Uingereza. Reli ya migodi ya Lambton ilipeleka makaa Sunderland, kwenye gati za mto Wear, kwa kupitia handaki lenye paa la chini. Vibanda vya madereva vikakatwa mabega, vikawa vya mviringo kama handaki lenyewe. Injini mbili za huko, nambari 5 ya mwaka 1909 na nambari 29 ya mwaka 1904, zimehifadhiwa katika reli ya North Yorkshire Moors.

Bandarini kulikuwa na mashaka mengine. Liverpool, reli za gatini zilichanganyikana na barabara ya mikokoteni na malori, ikabidi mtu atangulie kwa miguu mbele ya injini akiwa na bendera. Na palipokuwa na baruti au karatasi, cheche moja ingetosha kuleta maafa. Huko zilitumika injini zisizo na moto kabisa. Badala ya boila zina pipa kubwa la chuma, ambalo sehemu kubwa hujazwa maji, kisha hupulizwa mvuke kutoka boila ya kiwandani hadi maji yapite nyuzi 100 kwa mbali bila kuchemka, kwa sababu ya shinikizo. Dereva akifungua, shinikizo linashuka, na sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo. Shinikizo linavyozidi kupungua ndivyo nguvu inavyopungua, ndiyo maana silinda zake ni nene kupita kawaida. Mimi naiona ndiyo injini ya busara kuliko zote, ingawa wapiga picha huipuuza kwa kuwa haitoi moshi.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta injini iitwayo Austerity, yenye magurudumu sita na uzito wa tani 48 hivi, iliyobuniwa na kampuni ya Hunslet ya Leeds. Kuanzia 1943 hadi 1964 zilijengwa 485. Vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa, na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, iliyotwaa migodi tarehe 1 Januari 1947, ikazitumia kwa wingi. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ilipozibana kwa moshi, baadhi zikafungwa bomba bapa la moshi la Giesl, mhandisi wa Austria, lenye safu ya matundu ya mvuke yanayovuta hewa vizuri zaidi. Bomba hilo hilo lilifungwa pia kwenye injini za Shirika la Reli la Afrika Mashariki.

Reli kuu za Uingereza ziliachana na mvuke tarehe 11 Agosti 1968. Migodini, ambako makaa hayakununuliwa dukani na fundi wa pale pale aliweza kuchonga kipuri, mvuke ulidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilichoumaliza si dizeli peke yake. Migodi mingi ilikuwa inafungwa, na ile iliyobaki ikajengewa maghala marefu ya kupakilia: treni ya reli kuu inapita chini polepole, inajazwa bila kusimama, inaelekea kituo cha umeme. Kazi ya kupanga mabehewa ikawa haipo.