Taa za Krismasi hazipigwi picha gizani, jamani

Wiki hii nimepata meseji ileile kutoka kwa wateja watatu tofauti ninaowapigia picha za droni, "kaka tusubiri giza liingie vizuri ndo taa zitoke." Wa tatu ni mama mmoja wa Mbezi Beach, kapamba mwembe wake kuanzia shina mpaka matawi ya juu, paa nalo kalizungushia vitaa kingo zote, mafundi wamehangaika siku mbili. Nikamwambia shikamoo mama, naomba taa ziwe zimewaka saa 12 na nusu jioni. Akasema marahaba mwanangu, ila si mwanga wa jua utaziua? Yeye simlaumu hata kidogo, hii sio kazi yake. Kinachoniuma ni kwamba wapo watu wanaorusha droni kwa hela na wanaamini hivohivo, halafu wanamfundisha mteja.

Chukua droni yoyote, ipandishe mita 40 juu ya nyumba yenye taa saa 2 usiku, piga. Unachopata ni vidoti vinaelea kwenye masizi. Mwembe haupo, paa halipo, ukuta haupo, bahari nyuma haipo. Mtu aliyepamba ataitambua nyumba yake kwa sababu anaijua, lakini shangazi yake wa Mwanza akitumiwa hiyo picha atauliza hii ni nini. Taa zinapendeza kwa sababu zimekaa juu ya kitu, na hicho kitu kinatakiwa kionekane, na cha kukimulika ukiwa juu ni anga peke yake. Kwahiyo picha unaipiga wakati mwanga wa anga umeshuka mpaka unakaribiana na mwanga wa taa. Ukiwahi, taa zinaonekana kama hazijawashwa. Ukichelewa, unabaki na masizi.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini, na hapa ndo video za mafunzo za Wazungu zinatupoteza. Wanakwambia una karibu saa zima la anga la bluu. Kwao labda. London mwezi wa Desemba, toka jua linazama mpaka lifike nyuzi 6 chini ya upeo wa macho ni kama dakika 40. Dar tupo karibu na ikweta, jua linashuka wima kama jiwe limetumbukizwa kisimani, safari hiyohiyo inachukua dakika 22 au 23 tu. Wiki ya Krismasi jua letu linazama kwenye saa 12 na dakika 35 mpaka 40, maana yake saa 1 na dakika 5 umebakiwa na makombo. Mimi saa yangu ni adhana ya magharibi. Mwadhini akianza, nahesabu dakika 12 ndo naanza kupiga kwa ajili ya kazi, na ikifika dakika 25 nashusha. Dakika 13 hizo ndo kazi yote. Kule kwingine ni mazoezi na kutafuta angle.

Kanuni yangu ina siku inanigomea, hasa mawingu ya mvua yakijaa upande wa magharibi. Hapo giza linaingia mapema na anga halipati ile bluu, linakuwa la kijivu kama maji ya kuoshea brashi. Siku hizo naanza dakika ya 5 na bado nusu ya picha sizipendi. Sijapata namna ya kuikwepa zaidi ya kumwambia mteja ukweli na kurudi kesho.

Kuna wanaosema basi tutapiga siku ya mbalamwezi. Angalia kalenda ujionee mwenyewe. Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, inaangukia usiku ambao mwezi haujaandama bado, hakuna mwezi kabisa angani. Maulidi ni tarehe 12 Mfungo Sita, mwezi unakaribia kupevuka na jua likizama wenyewe umeshapanda juu. Kwa akili ya kawaida picha za Maulidi zingekuwa na paa na miti inayoonekana, na za Diwali pale mtaa wa Kisutu ziwe giza tupu. Zipige zote baada ya isha uone, zinafanana. Mbalamwezi ni dhaifu mno ukiilinganisha na taa za umeme, ili paa lionekane kwa mwezi ungetakiwa uache shuta wazi muda mrefu kiasi kwamba taa zote zimeshaungua, na droni yenyewe haiwezi kutulia hewani muda huo. Mwezi unapendeza kwa macho tu.

Tuje kwenye kuungua maana ndo kesi ya pili. Watu wanapandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, kwa sababu "ni usiku". Skrini inang'aa, wanafurahi, wakifika nyumbani wanasema kamera mbovu inatoa chenga. Chenga ni tatizo dogo. Ichukue picha yenyewe, tafuta kitaa kimoja chekundu, kivute mpaka kijae kwenye skrini. Katikati kipo cheupe kama chumvi, pembeni kina kapete kembamba kekundu. Kile kitaa hakikuwa cheupe! Sensa ya kamera ilijaa upande wa wekundu, mwanga ukaendelea kuingia, kijani na bluu navyo vikajaa, vyote vitatu vikijaa unapata nyeupe. Mteja kanunua taa nyekundu, kijani na za dhahabu, wewe umempelekea taa nyeupe zote, na hapo hakuna Lightroom wala programu yoyote ya kuhariri picha itakayokusaidia kwa sababu rangi haipo kwenye faili. Kivuli chenye giza unaweza ukakivuta kikarudi ukilipa kwa chenga kidogo. Kilichoungua hakirudi.

Kwahiyo mimi ISO ni 100, ikinilazimu 200. Droni yenye lenzi ya f/2.8 kwenye zile dakika zangu shuta inakaa wazi nusu sekunde hivi, ukiwa na f/1.7, inayoingiza mwanga mwingi zaidi, muda unashuka zaidi. Piga faili ghafi (RAW), piga picha tano mfululizo za mwanga tofauti, waiti balansi, ile inayoamua rangi ya mwanga, ifunge kwenye namba, mimi naweka Kelvini 3,800 hivi, ukiiacha ijiamulie kila picha itakuja na bluu yake. Na hebu toeni filta za ND, vile vioo vya kupunguza mwanga. Desemba iliyopita nimemkuta kijana anahangaika saa zima kwanini picha ni nyeusi, filta ya mchana ipo kwenye lenzi.

Nusu sekunde inawatisha watu lakini gimbali, ule mkono unaoituliza kamera, inaweza, shida ni upepo. Desemba kaskazi imeshaanza na pwani inapuliza jioni, ndo maana sipigi moja, napiga kumi, mbili tatu zinatoka kali kama wembe. Shuta ndefu inasaidia pia zile taa zinazopokezana. Ukipiga kwa 1/60 ya sekunde utakuta kijani zimewaka na nyekundu zimezima, mti unaonekana kama una kipara upande mmoja. Ukiacha sekunde nzima zinapata nafasi ya kuwaka zote.

Video haraka haraka. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na zile nyuzi za bei rahisi zinapepesa 50. Weka fremu 25 kwa sekunde na shuta 1/50, michirizi inayotambaa itaondoka. Kwenye jenereta sikuahidi, jenereta ikichoka ile 50 haikai sawa na mimi nimeshabadilisha shuta mpaka mikono ikachoka bila mafanikio.

Kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nachukulia unacho, na mjini kati karibu na Ikulu usijaribu kwa mazoea. Kamera za chini za droni hazioni gizani, juu ya maji ndo kabisa, na zile sensa za kuzuia isigonge hazikusaidii. Nyaya za nguzo hutaziona. Nenda saa 10 alasiri, hesabu minazi, nyaya na minara, weka urefu ambao droni itapanda ikirudi yenyewe nyumbani uwe juu ya vyote hivyo. Zima taa za mbele za droni, kwenye shuta ndefu zinakutia wekundu kwenye kona. Na usiitoe droni kwenye gari lenye AC ukairusha hapohapo, kwa unyevu wa Dar lenzi inaota ukungu na kila taa inakuwa na nywele. Mimi naitoa nusu saa kabla, naiweka kwenye boneti, nafuta na kitambaa chumvi ya bahari.

Basi Mbezi Beach nikafika saa 11. Kazi ngumu haikuwa droni, ilikuwa kumshawishi mlinzi awashe taa jua likiwaka. Alisema mama akiona umeme unaliwa mchana atagomba, na LUKU imebaki kidogo. Nikanunua umeme mwenyewe kwa simu, akaingiza zile namba, akawasha. Saa 12 na nusu mwembe ulikuwa umewaka na hakuna aliyeona tofauti, jirani akapita akauliza mbona mnachezea umeme. Adhana ikaanza. Dakika ya 17 nikamwita mama aje aangalie kwenye rimoti: majani ya mwembe yanaonekana moja moja, bati lina bluu ya anga, bahari nyuma bado ina mstari, na taa nyekundu ni nyekundu. Akaishika rimoti kwa mikono miwili, akasogeza macho, akaniuliza, "huu ndo mti wangu?"